Mnuno Uliosajiliwa

Ukishamwona Malkia wa Vibwengo mara moja, humsahau. Urefu wake ni kama mkono wako kutoka kiwikoni hadi ncha za vidole. Ana mabawa mawili ya waya na kitambaa chepesi, taji la magamba ya samaki yaliyopakwa rangi ya dhahabu, na uso wa kauri unaokutazama kana kwamba umemkanyagia upindo wa gauni na hujamwomba radhi. Nyusi ya kushoto imepanda juu. Midomo imebanwa na kuvutwa upande. Kidevu kimetangulia mbele. Wakusanyaji wa wanasesere, watu wazima wenye kazi zao na akili zao timamu, walikuwa wakipanga foleni kwa ajili ya mnuno huo.

Aliyemtengeneza alikuwa mwanamke mfupi mwenye viganja vikubwa, na wenzake katika kazi walimwita Bi Udongo, kwa sababu hawakuwahi kumwona akiwa safi. Hata picha ya kitambulisho alipigwa akiwa na udongo mweupe kwenye kope. Kwa miaka kumi na sita alifanya kazi katika chumba cha nyuma cha nyumba yake, akitengeneza vibwengo, nguva, majini ya kike yenye miwani na mazimwi yenye haya. Kwa miaka hiyo yote alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hakuweza kuvumilia kuigwa. Ukimwambia kwamba kuna mtu mahali fulani ametengeneza nguva mwenye mkia wa zambarau, aliacha kula.

Watu wa kazi hii wana chama, na chama kina desturi ambayo mtu wa nje akielezwa hudhani anataniwa. Wanasajili nyuso. Ukibuni uso mpya, unaupeleka kwenye mkutano. Wanachama wanaupitisha mkono kwa mkono, wanaugeuza, wanaunusa hata, na wakiridhika kwamba haukutokana na uso wa mwenzako, unaandikwa kwenye daftari na kupewa namba. Kuanzia hapo ni wako. Anayeuiga huitwa mbele ya wanachama wote. Akipatikana na hatia, kalibu yake, lile umbo la plasta ambalo humiminiwa uji wa udongo ili sura itokee, huwekwa mezani na kuvunjwa kwa nyundo huku mwenyewe akiangalia. Wengine walitaka adhabu iwe barua ya onyo. Aliyependekeza nyundo ni Bi Udongo, na nyundo yenyewe alichangia yeye.

Uso wa Malkia ulikuwa namba saba kwenye daftari hilo. Bi Udongo aliwaeleza watu wote kwamba ulimjia kutoka hewani, siku moja alasiri, akiwa hajawaza chochote.

Mkosi ulianzia saluni. Alikuwa amekaa na kichwa kimejaa povu, macho nusu yamefumba, alipomwona Malkia wa Vibwengo ndani ya kabati la kioo la msusi, katikati ya chupa za mafuta ya nywele. Hakuwa wake. Gauni la huyu lilikuwa na mishono mizuri hata kuliko ya magauni ya Malkia wake, na mabawa yalikuwa ya mtu ambaye hajazoea waya. Lakini uso! Nyusi ile ile, midomo ile ile, kidevu kile kile.

“Huyo umempata wapi?” aliuliza.

Msusi hakujua kwamba anamwagia moto mafuta. “Si wifi yako? Kaniletea juzi. Anawatengeneza mwenyewe siku hizi. Mmejaliwa nyie, nyumba nzima mafundi!”

Bi Udongo alitoka saluni na povu lake kichwani.

Wifi huyo alikuwa dada wa mumewe, mshonaji, mwanamke mrefu ambaye futi ya kupimia haikutoka shingoni mwake hata akienda kununua mboga. Aliishi nyumba ya tatu kutoka kwa Bi Udongo, na tangu Malkia wa kwanza ndiye aliyekuwa akimshonea magauni. Kwenye boksi, hata hivyo, liliandikwa jina la Bi Udongo peke yake, tena kwa herufi za dhahabu. Wifi hakuwahi kulalamika kwa maneno. Alikuwa mtu wa kuingia ndani, kutupia jicho zulia, kunyoosha pazia ambalo hukujua kwamba limepinda, na kuketi kimya. Kimya chake kilikuwa kinamchosha Bi Udongo kuliko matusi.

“Wifi, umeniibia,” Bi Udongo alisema kabla hajafika mlangoni.

“Karibu, wifi. Una povu sikioni.”

“Umeniibia uso wangu!”

“Uso wako si huo unao? Naona umekuja nao.”

“Usinifanye mtoto. Malkia! Umechukua Malkia wangu, umemtolea kalibu, umemimina!”

Wifi aliweka chini gauni alilokuwa akilipinda. “Sijui kumimina mimi, na kalibu sina. Nimefinyanga kwa vidole hivi, nikamwomba fundi wa vigae anichomee. Nimetengeneza watatu. Ningekwambia, lakini nilijua utaacha kula.”

“Utayasema hayo Jumamosi, mbele ya chama.”

“Jumamosi?” Wifi alifikiri kidogo. “Basi nitavaa lile la kijani.”

Nyumbani, mume wa Bi Udongo alikuwa mezani na saa ya ukutani aliyoifumua vipande. Kazi yake ilikuwa kutengeneza saa, na ndoa ilikuwa imemfundisha kuzungumza nazo zaidi kuliko watu. Mkewe alimhadithia yote kwa pumzi moja. Yeye alifungua mdomo, akamtazama mkewe, akamtazama Malkia aliyekuwa juu ya rafu, akafunga mdomo.

“Ulitaka kusema nini?”

“Hapana. Nimekosa skrubu moja tu.”

Bi Udongo hakuwa na wasiwasi na Jumamosi. Alikuwa na sababu, na inafaa uijue. Udongo wa kauri hunywea ukichomwa. Sura inayoingia kwenye tanuri si ile inayotoka. Inayotoka ni ndogo zaidi. Kwa hiyo mwizi akimchukua mwanasesere aliyekwisha kuchomwa, akamtolea kalibu, akamimina na kuchoma tena, anayepatikana hunywea mara ya pili na kuwa mdogo kuliko yule wa kwanza. Chama kilikuwa kimekamata wezi wanne kwa kipimo hicho, bila kumsikiliza yeyote. Mkubwa ni mama, mdogo ni nakala. Bi Udongo aliyakariri maneno hayo huku akifungasha kalibu yake kwenye kapu, maana mlalamikaji pia hutakiwa kufika na ya kwake, pamoja na wanasesere wake wengine kuonyesha kwamba yeye hubuni.

Ukumbi ulikuwa umekodiwa kwa asubuhi tu. Mchana kulikuwa na sherehe ya watu wengine, hivyo wanachama thelathini walikaa kwenye viti vilivyofungwa tepe za rangi ya waridi mgongoni, wakihukumu chini ya maputo. Mwenyekiti alikuwa daktari wa meno mstaafu. Alitengeneza majoka, na kila joka lake lilikuwa na meno yote, yamepangwa moja moja, safi, hakuna lililooza. Mbele yake waliwekwa Malkia wawili, daftari na nyundo.

“Tuanze na kipimo,” Daktari alisema. “Nani ana futi?”

Hakuna aliyekuwa nayo. Wanachama walipapasa mifuko. Wifi, aliyekaa mstari wa mbele na gauni lake la kijani, alivua futi shingoni na kumkabidhi.

“Tumieni yangu. Naomba mnirudishie tu.”

Daktari alizungusha futi kwenye kichwa cha Malkia wa Bi Udongo. “Sentimita kumi na nane.” Akazungusha kwenye kichwa cha pili. Akavua miwani, akaipangusa, akazungusha tena. “Ishirini.”

“Rudia,” Bi Udongo alisema.

“Nimerudia.”

“Rudia tena!”

Alirudia. Ilikuwa ishirini. Wanachama waliinuka vitini ili waisome futi wenyewe. Kisha mtu wa nyuma kabisa, mtengenezaji wa wachawi wadogo ambaye aliwahi kuvunjiwa kalibu kwa nyundo hiyo hiyo, alisema kwa furaha asiyoificha, “Kumbe mama ni yule pale! Nakala ni ya Bi Udongo!”

Sheria yao, unaona, haikuwahi kufikiria mtu anayefinyanga bila kalibu. Ilijua kubwa na ndogo tu. Katibu, aliyependa utaratibu kuliko kitu chochote, aliiinua nyundo kutoka upande wa wifi na kuiweka upande wa Bi Udongo, kwa adabu, mpini ukimwelekea Daktari.

Bi Udongo aliitazama kalibu yake ndani ya kapu, akalivuta kapu karibu. Usidhani alichohofia ni foleni za wakusanyaji. Kabla ya Malkia alikuwa mwanamke ambaye vitu vyake watu walivishika, wakavisifu kwa heshima, wakavirudisha mezani. Malkia ndiye wa kwanza ambaye mtu aliondoka naye akimkumbatia. Wakimvunja huyo, angerudi kuwa yule wa vitu vinavyorudishwa mezani, na aliogopa kweli kweli, hadi mikono ikatafuta cha kushika ikashika tepe ya waridi.

“Sijaiga mtu,” alisema. “Nimeutoa kichwani mwangu.”

“Na wewe?” Daktari alimgeukia wifi. “Wako umeutoa wapi?”

Wifi alikuwa amesimamishwa muda mrefu kuliko alivyopenda. “Kwenye kioo.”

“Kioo gani?”

“Cha kabati langu la nguo. Mimi sijui kubuni, mheshimiwa. Nilikaa mbele ya kioo, nikafinyanga nilichokiona. Kwani mlitaka nifinyange uso wa nani?”

Na kwa kuwa swali lilimkera, nyusi yake ya kushoto ilipanda juu, midomo ikajibana na kwenda upande, kidevu kikatangulia mbele.

Macho ya ukumbi mzima yalikwenda kwa wifi, yakaenda kwa Malkia, yakarudi kwa wifi. Daktari wa Meno ndiye aliyeanza. Alijaribu kuzuia kwa kikohozi, akashindwa, na kicheko chake kikabeba viti vyote vya tepe za waridi. Watu walishikana mabega. Katibu aliinamisha kichwa juu ya daftari, mgongo ukimtetemeka.

Mtu mmoja alikwenda kwenye kapu la Bi Udongo na kumtoa nguva. Nyusi ya kushoto. Akatoa jini la miwani. Midomo upande. Mwishowe akatoa zimwi lenye haya, na hata zimwi, pamoja na pembe zake na manyoya yake, lilikuwa wifi mtupu.

“Jamani,” Bi Udongo alimgeukia mumewe, aliyekuwa amejificha nyuma ya nguzo. “Wewe uliliona hili?”

Mtengeneza saa alitoka nusu. “Siku ya kwanza.”

“Miaka kumi na sita! Mbona hukuniambia?”

“Nilidhani mnajua. Nilidhani ni utani wenu wenyewe kwa wenyewe.”

Hapo ndipo Bi Udongo alipoikumbuka ile alasiri ya hewani, na hewani hakukuwa na kitu. Alikuwa mke mpya. Wifi alikuwa ameshinda naye siku nzima akimwonyesha, bila kusema neno, jinsi shuka linavyokunjwa. Alipoondoka, Bi Udongo aliingia chumba cha nyuma, akalipiga bonge la udongo ngumi nne, na mikono ikaendelea peke yake. Mtu uliyemkasirikia humtazami. Unamwepuka kwa macho. Mikono yake haikuwa imemwepuka. Yeye ambaye mkia wa zambarau ulimnyima chakula, alikuwa ameingiza uso wa wifi yake kwenye makabati ya watu mia tatu bila hata kubisha hodi. Aliona aibu, na aibu ilimpanda hadi masikioni.

“Wifi,” alisema. “Kumbe ni wewe.”

Wifi alimchukua Malkia mezani, akamwangalia kwa makini, pindo kwanza, kisha uso. “Nilikuwa nashangaa,” alisema polepole. “Mbona huyu mdoli, kila rangi ninayoipenda mimi, inamkaa?”

Nyundo haikutumika. Kwenye mstari wa namba saba Daktari aliandika kwamba mwenye uso ni wifi, na mtengenezaji ni Bi Udongo kwa ruhusa yake. Lakini katibu alikuwa na neno. Kwa mujibu wa kanuni, mwanachama ni lazima awe na walau uso mmoja wa kwake, na sasa ilionekana kwamba Bi Udongo hakuwa nao hata mmoja. Alipewa hadi mkutano ujao, wiki sita. Akikosa, angebaki mgeni, wa kukaa nyuma na kutosema kitu. Kanuni hiyo nayo alikuwa ameipendekeza yeye.

Wiki tatu za kwanza zilikuwa vituko. Alitengeneza uso akauita Binti wa Ukungu. Wifi, ambaye sasa alikuja kila alasiri kama mwenye mali, aliugeuza mara mbili na kusema, “Huyu ni ndugu yangu akiwa amelala.” Na kweli. Alitengeneza Mlinzi wa Mwezi, akatoka na meno ya Daktari. Alipoamua kutomfikiria mtu yeyote duniani, alipata kitu laini, cha duara, kisicho na kosa, ambacho mumewe alidhani ni yai akataka kuliweka jikoni.

“Unahangaika bure,” wifi alisema. “Fanya nilivyofanya mimi. Uso wako mwenyewe nani atasema umemwibia?”

Siku ya pili aliubeba mlango wa kabati lake, kioo na bawaba zake, akauegemeza kwenye ukuta wa chumba cha nyuma. Bi Udongo alijifungia humo, akajitazama na kufinyanga siku nne mfululizo. Hakubuni hata kidogo. Alipima kwa jicho, akaweka alichokiona, akaweka hata kovu la tanuri kwenye shavu. Alichoma. Asubuhi ya kufungua tanuri, wifi alikuwepo na futi yake shingoni.

Uso ulitoka mweupe, bado una joto. Wifi aliupokea kwa kitambaa. Alikaa nao kimya, na safari hii kimya chake kilikuwa kinatetemeka kidogo pembeni mwa mdomo.

“Sema,” Bi Udongo alimwambia.

“Uone mwenyewe.”

Kovu lilikuwepo. Pua ilikuwa yake, fupi na pana. Lakini nyusi ya kushoto ilikuwa juu, midomo imebanwa upande, kidevu mbele.

“Nimeharibu tena! Mikono imezoea, wifi, imezoea sura yako, hainisikii!”

“Mikono haina kosa,” wifi alisema. “Hebu jitazame.”

Bi Udongo aligeukia mlango wa kabati. Ndani ya kioo walisimama wanawake wawili, mmoja mrefu na mmoja mfupi, na kila mmoja alikuwa amenuna mnuno ule ule. Aliishusha nyusi kwa nguvu. Ilirudi juu yenyewe.

“Tangu lini?” aliuliza.

“Tangu mwaka wa tatu hivi. Kila nikikunyooshea pazia, unanirudishia uso wangu. Ndugu yangu aliliona.”

“Akadhani najua.”

“Akadhani unajua.”

Wifi alivua futi. Akaizungusha kwenye kichwa chake mwenyewe, akasoma. Akaizungusha kwenye kichwa cha Bi Udongo, juu ya udongo na kila kitu, akasoma pia, bila haraka, kwa sauti ileile ya Daktari.

“Mimi hamsini na nane. Wewe hamsini na tano.” Alikunja futi. “Kanuni zenu wenyewe, wifi. Mkubwa ni mama.”

Bi Udongo alitaka kukasirika. Alivuta pumzi ya kukasirika kabisa, ikampotea njiani, na badala yake kikatoka kicheko ambacho wifi alikuwa hajawahi kukisikia katika nyumba ile, kicheko cha mtu mwenye viganja vikubwa, cha kupiga meza. Alicheka hadi akashika tanuri likamuunguza, akacheka na hilo. Wifi alijaribu kubaki na heshima yake, akashindwa, akakaa chini juu ya mfuko wa plasta.

Katikati ya kucheka, Bi Udongo aliona kitu kwenye kioo. Jino lake moja la mbele lilikuwa limempanda mwenzake. Jicho la kulia lilifumba kabisa na la kushoto likabaki wazi, likichungulia. Mashavu yalikuwa na mikunjo mitatu upande mmoja na miwili upande wa pili. Hapakuwa na wifi, hapakuwa na mtengeneza saa aliyelala, hapakuwa na Daktari. Mtu huyo, Bi Udongo hakuwahi kumwona.

Aliingiza mkono kwenye ndoo, akavuta bonge la udongo, macho hayatoki kwenye kioo. Lakini kicheko kilikuwa kinaisha, na nyusi ilikuwa inaanza kupanda.

“Wifi, nichekeshe tena! Haraka!”

Wifi alikuwa anajipangusa plasta kwenye gauni. Aliinua kichwa. Nyusi ya kushoto ikaenda juu, midomo ikaenda upande.

“Kwanza,” alisema, “tuzungumzie yale maandishi ya dhahabu kwenye boksi.”